Mchujo wa Marekani: kwa nini tuhuma ya ukigeugeu ilimganda Romney ikamteleza Trump?

Mtunza_Kumbukumbu

Wakuu, salaam. Naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaofuatilia siasa za Marekani kwa ndani.

Kwenye kura za mchujo za kule, wagombea wa chama kimoja mara nyingi hawapishani sana kwa msimamo wa leo. Mwaka 2007, ukimtoa Rudy Giuliani, karibu kila Mrepublikan aliyepanda jukwaani alisema anapinga utoaji mimba. Mwaka 2019 Wademokrat nao walikuwa karibu wote upande wa pili. Lakini ugomvi haukuwa "unasimamia nini". Ugomvi ulikuwa "miaka kumi iliyopita ulisimamia nini", na kila mtu alikuwa anafukua makaburi ya mwenzake.

Ninayo maswali matatu. Tuhuma hii ya ukigeugeu inatengenezwaje hasa, kwa maana ya kazi yenyewe, siyo nadharia? Pili, kwa nini kwa Mitt Romney iliganda mpaka ikawa kama jina lake la pili, halafu Donald Trump, ambaye mwaka 1999 alisema kwenye televisheni kwamba anatetea kabisa haki ya kutoa mimba, akapita nayo bila jeraha? Tatu, anayeshambulia anapata nini? Maana nikitazama matokeo naona wengi wa waliorusha mawe walianguka wao kwanza.

Karani_wa_Kura

Mkuu, naanza na la kwanza. Wengi hudhani ni kazi ya kutafuta video mbili zinazogongana na kuziunganisha. Video ni hatua ya mwisho kabisa.

Watafiti wa kampeni huanza na jedwali la safu nne: tarehe, alichosema, alichotenda (kura, sahihi, au veto, yaani kukataa mswada uliopitishwa na bunge), na alikuwa anawania cheo gani siku hiyo. Hiyo safu ya nne ndiyo yenye sumu. Binadamu kubadili mawazo si ajabu. Kinachouza tuhuma ni mawazo kubadilika pale tu wapiga kura anaowaomba walipobadilika.

Tujaze jedwali la Romney uone. Oktoba 1994, anawania useneta Massachusetts dhidi ya Ted Kennedy: anasema kwenye mdahalo kwamba utoaji mimba unapaswa kuwa salama na halali, na anamtaja ndugu wa karibu wa familia aliyekufa kwa kutoa mimba kinyume cha sheria. Mwezi huohuo anawaandikia barua Log Cabin Republicans, kundi la Warepublikan mashoga, akiahidi kuwafaa kuliko Kennedy. Mwaka 2002 anawania ugavana katika jimbo lilelile: anajaza dodoso la Planned Parenthood, shirika la uzazi wa mpango linalotetea haki ya kutoa mimba, na kuahidi kutogusa sheria ya utoaji mimba ya jimbo. Novemba 2004 anasema alibadilika baada ya mazungumzo na mwanasayansi kuhusu utafiti wa seli shina. Julai 2005 anapiga veto mswada wa dawa ya dharura ya kuzuia mimba, na kesho yake makala yake inatoka katika Boston Globe akieleza kwamba sasa anapinga utoaji mimba. Desemba 2005 anatangaza kuwa hagombei tena ugavana. Februari 2007 anatangaza kuwania urais.

Soma safu ya nne peke yake kutoka juu hadi chini: Massachusetts, Massachusetts, halafu taifa zima kupitia Iowa, jimbo lililofungua mchujo. Jedwali linajisomea lenyewe.

Ushahidi hautokani na magazeti tu. Kuna orodha za kura bungeni, barua ambazo ofisi ya mbunge iliwajibu wananchi, orodha za michango, na madodoso. Dodoso watu hulidharau, na ndilo hatari kuliko vyote. Makundi ya kijamii humtumia mgombea maswali ya ndiyo au hapana, naye hutia sahihi kwa sababu anataka waunge mkono kampeni ndogo ya wakati huo. Miaka kumi na miwili baadaye ile karatasi bado iko kwenye kabati la mtu. Barack Obama mwaka 1996, akiwania Seneti ya jimbo la Illinois, alijibu dodoso la gazeti moja la Chicago kwamba anaunga mkono ndoa za jinsia moja. Mwaka 2008 akasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kisha Mei 9, 2012 akarudi alikoanzia. Majibu yale yalichapishwa upya Januari 2009, mchujo umeshapita. Hata yangepatikana mapema, Hillary Clinton asingeweza kuyatumia, kwa sababu msimamo wake wa 2008 ulikuwa uleule wa Obama.

Hapo kuna kanuni ya kazi: kabla ya kumchimba mpinzani, mchimbe bosi wako kwa jedwali hilohilo. Timu zinazoruka hatua hii huumbuka hadharani. Nyani haoni kundule.

Na ushahidi una uzito tofauti. Kura iliyorekodiwa inazidi sahihi, sahihi inazidi kauli, kauli inazidi kumbukumbu ya mtu aliyekuwepo. Kwa televisheni mpangilio unapinduka, video inatangulia yote. Mdahalo wa 1994 ulikuwa umelala miaka kumi na miwili. Januari 2007 ukapandishwa YouTube, mtandao ambao wakati huo haukuwa na miaka miwili, na Romney akalazimika kujibu siku ileile.

Bi_Hoja

Jedwali la Karani ni sahihi, ila sikubali kwamba safu ya nne ndiyo inayoua. Ingekuwa hivyo Ronald Reagan asingepona. Akiwa gavana wa California mwaka 1967 alitia sahihi sheria iliyolegeza masharti ya utoaji mimba, na kufikia 1976 alikuwa kipenzi cha wapinzani wa jambo hilohilo. George H. W. Bush naye alibadilika mara tu alipochukuliwa kuwa mgombea mwenza wa Reagan katika mkutano mkuu wa Detroit, Julai 1980. Huwezi kupata tarehe inayotia shaka kuliko hiyo! Akawa makamu wa rais, kisha rais.

Mimi nina maelezo mengine. Mpiga kura wa mchujo haulizi kwa dhati kama ulibadilika. Anauliza umeweka rehani gani ili usirudi ulikotoka. Anayehamia upande wetu anakaribishwa, mradi aache kitu mlangoni.

Kwa Trump, tazama Februari 2016. Ted Cruz alirusha tangazo lenye mahojiano yale ya Oktoba 1999. Mawakili wa Trump wakamwandikia barua ya kumtaka aliondoe, naye Cruz Februari 17 akasimama South Carolina kumjibu mbele ya waandishi na kumkaribisha ashtaki. Siku tatu baadaye jimbo likapiga kura: Trump kama asilimia 32, Marco Rubio na Cruz kila mmoja 22 na ushee, Cruz akiwa wa tatu. Kwa nini tangazo halikuuma? Jaji Antonin Scalia, mhafidhina wa Mahakama Kuu ya Marekani, alikuwa amefariki Februari 13, na usiku uleule kwenye mdahalo wa Greenville Trump alitaja kwa majina majaji wawili wa kihafidhina ambao angewafikiria, William Pryor na Diane Sykes. Mei akatoa orodha ya majina 11. Mgombea hutoa ahadi za jumla kuhusu "majaji wazuri". Majina ni rehani: ukimteua mwingine wa mrengo tofauti, kila mtu ataona.

Jambo la pili: tuhuma ya ukigeugeu huuma pale tu ambapo mgombea anaomba kura kwa msingi wa jambo hilo. Romney mwaka 2007 alijinadi Iowa kama mhafidhina kamili, wa uchumi, wa ulinzi na wa familia, tofauti na Giuliani na John McCain. Kwa hiyo tuhuma ilipiga msingi wa nyumba. Trump alikuwa anauza ukuta wa mpakani na biashara. Ukimpiga kwenye utoaji mimba, unapiga chumba cha nyuma.

Na kwa anayedhani uthabiti wenyewe ndio bidhaa, amtazame Giuliani. Aliendelea kutetea haki ya kutoa mimba mchujo mzima, hakugeuka. Alitoka Januari 30, 2008 baada ya kushika nafasi ya tatu Florida.

Mtunza_Kumbukumbu

Hiyo ya rehani imenigusa. Lakini Romney si alipiga ile veto ya 2005? Hiyo si rehani? Na swali langu la tatu bado liko hewani: Sam Brownback, seneta aliyewania naye mwaka 2007, alimpiga Romney kuliko wote, mbona hakufaidika?

Karani_wa_Kura

Veto ilikuwa rehani, ila ndogo: bunge la Massachusetts lilikuwa na Wademokrat wa kutosha kuipindua, na waliipindua. Rehani ambayo unajua utarudishiwa kesho haimtishi mkopeshaji.

Kisa cha Brownback kinafaa kutazamwa kwa karibu. Kiangazi cha 2007 kampeni yake ilisambaza simu za kurekodiwa Iowa. Simu ilitaja mambo mahususi: kwamba mke wa Romney aliwahi kuwachangia Planned Parenthood (ilikuwa hundi ya dola 150, mwaka 1994), na maneno ya Romney mwenyewe kwa kundi linalotetea haki ya kutoa mimba. Agosti 5, kwenye mdahalo wa Des Moines, mwendeshaji George Stephanopoulos aliicheza simu ile mbele ya wote wawili. Brownback akaulizwa kama anaisimamia, akasema ndiyo. Romney akajibu kwamba karibu kila kitu mle si kweli, kisha akatoa jibu lililokumbukwa zaidi kuliko simu yenyewe: kwamba amechoka na watu wanaojiona watakatifu zaidi yake kwa sababu tu walianza kupinga utoaji mimba kabla yake.

Jibu lile lilikuwa na akili. Halikukana mabadiliko. Lilihamisha hoja kutoka "umebadilika" kwenda "unawafungia mlango waliotubu", na ukumbi wa Iowa, wenye waumini wengi wanaoamini kuzaliwa upya, unaelewa lugha ya toba. Kwenye mikutano ya mchujo ya Warepublikan Iowa mwaka 2008, watu kama 6 katika kila 10 walijitambulisha kuwa waumini wa kiinjili.

Siku sita baadaye, Agosti 11, kura ya majaribio ya Ames, huko huko Iowa, isiyo rasmi: Romney asilimia 32, Mike Huckabee 18, Brownback 15. Oktoba Brownback akajitoa, na Novemba akamuunga mkono McCain.

Sasa kwa nini Huckabee ndiye aliyevuna? Wagombea wakiwa wawili tu, kura anayopoteza mwenzako ni yako. Wakiwa wanane au tisa, kura inamkimbia aliyepigwa, inamkwepa pia aliyepiga, inakwenda kwa aliyesimama pembeni na tabasamu. Iowa 2004 ilitoa somo lilelile kwa Wademokrat, ingawa siyo kwa mambo ya kijamii: Howard Dean na Dick Gephardt walipigana kwa matangazo, John Kerry akapata 38, John Edwards 32, wao wenyewe 18 na 11.

Huckabee alilijua hili kiasi cha kuchekesha. Desemba 31, 2007 aliwaita waandishi Des Moines kuwaambia kwamba ameamua kutorusha tangazo la kumshambulia Romney. Halafu, ili kuthibitisha kwamba lilikuwepo, akawaonyesha lote. Ukumbi ulicheka. Tangazo likarushwa bure na vituo vya habari, na yeye akabaki na heshima ya mtu aliyejizuia. Januari 3 alipata 34, Romney 25.

Fundi_wa_Matangazo

Naongezea upande wa mitambo, maana hapo ndipo fedha hupotea.

Ukishapata ushahidi, unaamua nani auseme. Mgombea akirusha tangazo la televisheni mwenyewe, sheria ya 2002 inamtaka aonekane au asikike akisema kwamba ameliidhinisha, pamoja na maandishi yanayokaa angalau sekunde 4 na yenye kimo kisichopungua asilimia 4 ya skrini. Lengo lilikuwa kumfanya mtu aone haya kutukana kwa sura yake. Ikiwa tangazo linamtaja mpinzani, mgombea hutoa kwanza uthibitisho kwa kituo kwamba masharti hayo yametimizwa. Akikosea, anapoteza haki ya bei ya chini kabisa ya kituo, ambayo wagombea hupewa siku 45 kabla ya mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa kampeni yenye fedha kidogo, kosa hilo ni wiki nzima ya matangazo iliyoungua.

Faida yake ni kwamba kituo hakiruhusiwi kulikata wala kulihariri tangazo la mgombea, hata likiwa na uongo. Kwa hiyo barua ya wakili kwenda kituoni dhidi ya tangazo la Cruz mwenyewe isingefika mbali.

Makundi huru, zile super PAC zilizozaliwa 2010 ambazo hukusanya fedha na kurusha matangazo nje ya kampeni ya mgombea, hayana kinga hiyo. Kituo kinaweza kulikataa tangazo lao na kinaweza kubanwa kisheria kwa kulirusha. Ndiyo maana kila sentensi ya tangazo lao huambatana na karatasi: namba ya kura, tarehe, nakala ya dodoso, dakika ya video. Mwanasheria wa mpinzani huandika barua ndani ya saa chache. Ukikosa karatasi ya sentensi moja, tangazo zima linashuka, na habari ya kesho inakuwa "tangazo la uongo laondolewa". Kampeni haina kidonda kibaya zaidi ya hicho wiki ya mwisho.

Simu za kurekodiwa ni rahisi, lakini sheria ya 1991 inazuia kuzituma kwa mashine kwenye simu za mkononi bila idhini ya mwenye simu. Mwaka 2007 nyumba nyingi za Iowa bado zilikuwa na simu za mezani. Leo njia hiyo inakufikisha kwa wazee zaidi ya kundi jingine lolote. Na anayepiga lazima ajitambulishe.

Kuhusu lugha ya tangazo: kosa la kawaida ni kurundika mambo matano. Mtazamaji anakumbuka mgongano mmoja. Tarehe kubwa kwenye kioo, sauti ya mgombea mwenyewe, tarehe ya pili, sauti yake tena, basi. Usimwekee msimulizi wa kumweleza mtu kwamba amedanganywa, mwache agundue mwenyewe. Au fanya kama timu ya Michael Dukakis mwaka 1988 dhidi ya Gephardt, ambaye miongoni mwa aliyokuwa amebadilisha ni msimamo wake kuhusu utoaji mimba: walimweka mtu aliyevaa suti akipiga sarakasi, anabinuka mbele na nyuma. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Bi_Hoja

Fundi, hapo kwenye karatasi umegusa mtego mkubwa wa Wademokrat: marekebisho ya Hyde.

Kwa asiyejua, ni kifungu kinachozuia fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba, isipokuwa katika hali chache maalumu. Kipo tangu 1976 na siyo sheria ya kudumu. Kinapachikwa upya kila mwaka ndani ya mswada wa bajeti. Kwa hiyo mbunge anayeupigia kura mswada wa fedha za afya ameipigia Hyde kura, apende asipende.

Juni 5, 2019 kampeni ya Joe Biden ilithibitisha kwamba bado anaiunga mkono. Wapinzani wake wote wakuu walimrukia siku ileile. Juni 6, akiwa Atlanta, akageuka. Saa zisizotimia arobaini na nane! Mwisho wa Julai, kwenye mdahalo wa Detroit, Kamala Harris akamuuliza kwa nini ilimchukua muda mrefu hivyo. Biden akajibu kwamba karibu kila aliyekuwa bungeni kati yao amewahi kuipigia Hyde kura, kwa kuwa imo ndani ya miswada mingine. Mkuki kwa nguruwe.

Pale ndipo utafiti wa Harris ulipopungukiwa. Ulihesabu miaka ya Biden, haukuhesabu kura za bajeti za wabunge wengine waliokuwa jukwaani. Hoja ilikuwa sahihi, ila ilikuwa na mkia ambao mtu angeweza kuushika. Shambulizi safi lilikuwa la siku ya kwanza, kabla hajageuka, kwa sababu lilimlazimisha achague. Baada ya kugeuka kwenda upande wako umeshashinda hoja. Kuendelea kumpiga ni kumwadhibu kwa kukutii.

Nahodha_Mzee

Mmemsahau Al Gore. Miaka ya 1980, akiwa mbunge na seneta wa Tennessee, aliwaandikia wananchi barua za kupinga utoaji mimba kwa maneno mazito, na 1984 alipiga kura kuunga mkono marekebisho yaliyotaka "mtu" kisheria ahesabiwe hata aliye tumboni. Bill Bradley, mpinzani wake kwenye mchujo wa Wademokrat, alikuwa na karatasi zote hizo, akazitoa wiki ya mwisho kabla ya kura ya New Hampshire, Januari 2000. Gore alishinda, kama 50 kwa 46. Machi 7 Bradley akapoteza kila jimbo lililopiga kura siku hiyo, siku mbili baadaye akatoka.

Kosa lilikuwa kalenda. Mwaka mzima wa 1999 Bradley alijinadi kama mtu asiyepiga chini ya mkanda, na alipoamka muda wa shambulizi kuzama vichwani mwa watu haukuwepo. Tuhuma ya ukigeugeu siyo risasi, ni kutu. Inataka kuanza mapema, irudiwe, mpaka kila geuko jipya, hata la kodi, lisomwe kwa macho yaleyale. Kennedy alianza na Romney mwaka 1994 kwa sentensi moja: yeye Kennedy anatetea uchaguzi wa mwanamke, mpinzani wake ni wa majibu ya kuchagua. Waliokuja 2007 walikuta kutu imeshakula bati.

Mtunza_Kumbukumbu

Nimeelewa kuhusu kalenda. La mwisho: Bernie Sanders na ndoa za jinsia moja, 2015? Yeye hakugeuka.

Karani_wa_Kura

Ile ndiyo safi kuliko nyingi, na bado ilikuwa na ufa. Sheria ya 1996 ya kutambua ndoa ya mume na mke tu ilipita Bunge la Wawakilishi kwa kura 342 dhidi ya 67, Sanders akiwa kati ya wale 67. Bill Clinton aliitia sahihi Septemba ya mwaka huo. Hillary Clinton alitangaza kuunga mkono ndoa hizo Machi 2013. Oktoba 2015 akaieleza sheria ile kama hatua ya kujihami, kuzuia marekebisho ya katiba ambayo yangekuwa mabaya zaidi. Kesho yake, kwenye chakula cha jioni cha chama Des Moines, Sanders akapinga maelezo hayo na kukumbusha kura yake, bila kumtaja Clinton kwa jina. Watu walijua.

Angalia ufundi: hakumlaumu kwa kuchelewa kubadilika. Alilaumu jinsi historia inavyosimuliwa sasa. Mgombea anayesema "nilikosea, nimebadilika" ana ngao. Anayesema "sikubadilika, mlinielewa vibaya" amefungua mlango, na Clinton alikuwa ameufungua jioni iliyotangulia.

Ufa wake ni kwamba waandishi walifukua maelezo ya ofisi ya Sanders ya 1996, ambapo kura ile ilitetewa kwa hoja ya mamlaka ya majimbo, siyo haki za mashoga. Kura ilikuwa thabiti, sababu yake ndiyo iliyopakwa rangi baadaye. Kwenye jedwali langu ongeza safu ya tano basi: sababu aliyoitoa siku ileile.

Fundi_wa_Matangazo

Na kwa anayetaka mfano wa karibuni kupima hoja ya Bi Hoja, achukue Ron DeSantis, akiwa gavana wa Florida anayeshindana na Trump kwenye mchujo. Alikuwa na rehani halisi: Aprili 13, 2023 alitia sahihi marufuku ya utoaji mimba baada ya wiki 6 Florida, mwaka mmoja tu baada ya ile ya wiki 15. Septemba Trump akaiita sheria hiyo kosa baya sana kwenye mahojiano ya televisheni. DeSantis akamshambulia Iowa kwamba anawageuka wapinzani wa utoaji mimba, na gavana wa Iowa, aliyekuwa ametia sahihi sheria kama ileile Julai, baadaye akamuunga mkono DeSantis.

Januari 15, 2024: Trump 51, DeSantis 21, Nikki Haley 19.

Karatasi zote zilikuwepo, tarehe zote, sauti ya mwenyewe kwenye kioo. Ila rehani ya Trump ilikuwa imeshalipwa Juni 2022, majaji watatu aliowateua walipokuwa sehemu ya wengi walioibatilisha Roe dhidi ya Wade, hukumu ya Mahakama Kuu iliyokuwa inalinda haki ya kutoa mimba nchi nzima.